X mbili za KAWS: kutoka kituo cha basi New York hadi robota la Karume

Fulana ilikuwa chini kabisa ya rundo, ya kijivu, kola imelegea kidogo. Siku ile nilikuwa natafuta suruali za mwanangu, na katika Soko la Karume ukitaka suruali lazima kwanza upekue fulana mia. Kifuani palikuwa na kikaragosi: kichwa cha fuvu chenye mifupa iliyotokeza pembeni kama masikio, glavu nene mikononi, kaptura ya vifungo viwili. Mahali pa macho pamepigwa X mbili.

"Hiyo buku tano, dada. Uniqlo orijino," alisema muuzaji bila kunitazama. Jicho lake lilikuwa kwa mteja mwingine aliyekuwa akijaribu jinzi juu ya suruali aliyokuja nayo.

Nikamuuliza kama anamjua huyo wa kwenye picha.

"Huyu? Mickey Mouse aliyekufa," akajibu. Kisha, kwa sauti ya mtu mwenye ushahidi: "Vijana wanampenda huyu. Akitoka kwenye robota asubuhi, jioni haioni."

Nimesoma wahakiki wa sanaa waliojaza kurasa nzima bila kufika pale alipofika kijana yule kwa maneno matatu.

Marehemu huyo ana jina. Anaitwa Companion, na aliyemchora ni Mmarekani Brian Donnelly, ambaye dunia inamjua kwa herufi nne tu: KAWS. Alizaliwa mwaka 1974 Jersey City, mji ulio ng'ambo ya mto Hudson, mkabala na Manhattan. Mtoto wa pale anakua akiyaona maghorofa ya New York kila siku kama mtoto wa Kigamboni anavyoiona Posta: yako karibu, yanang'aa usiku, lakini ni ya wenyewe. Herufi hizo nne hazina maana yoyote. Donnelly amekuwa akieleza kwamba alizichagua kwa sababu alipenda zinavyokaa zikiwa pamoja, mikono na miguu ya K na W ikipeana nafasi. Hicho ni kipimo cha mwandika ukutani. Neno kwake lina umbo kabla ya kuwa na maana.

Kuandika jina ukutani New York kulikuwa na historia ndefu kabla yake. Mwaka 1971 gazeti la New York Times lilimwandika kijana mmoja, tarishi wa ofisi aliyekuwa akizunguka jiji kupeleka barua na vifurushi, na kila alipopita akiacha jina kwa maka peni: Taki 183. Taki ni ufupisho wa jina lake la Kigiriki, 183 ni namba ya mtaa aliokuwa akiishi. Hakuwa anauza kitu wala hagombei cheo. Baada ya habari ile vijana wakafurika, maka ikawa kopo la rangi ya kupuliza, na jina dogo la pembeni likawa mchoro wa kufunika behewa zima la treni. Treni ilikuwa ukuta bora kuliko wote kwa sababu ilitembea. Unaandika usiku Bronx, asubuhi jina lako linasomwa Brooklyn na watu wasiokujua.

Donnelly hakuikuta sherehe hiyo. Tarehe 12 Mei 1989 mamlaka ya usafiri ya New York ilitangaza kwamba behewa la mwisho lenye michoro limeondolewa njiani. Yeye alikuwa na miaka 14. Aliingia mchezoni wakati viti vinakunjwa, akabakiwa na kuta, mabehewa ya mizigo na madaraja kama wenzake wote wa rika lake. Kitu kilichomtenga nao, naona mimi, ni swali moja ambalo wengi hawakujiuliza: kwa nini uandike mahali ambapo unalazimika kumtafuta mtazamaji, wakati kuna mahali ambapo mtu mwingine ameshalipia macho ya mji mzima?

Jibu lilikuwa mabango ya matangazo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alianza kupanda kwenye mabango makubwa na kuweka herufi zake humo. Tofauti na wengine, hakuwa anaziba tangazo. Alijipenyeza ndani yake, herufi zikakaa nyuma ya bidhaa au pembeni ya mtu aliyepigwa picha, kana kwamba zilikuwapo tangu kampuni ilipopanga biashara yake. Wakati huohuo alikuwa anasoma uchoraji katika School of Visual Arts, Manhattan, alikohitimu mwaka 1996. Akapata kazi ya mchana kwenye kampuni ya katuni za televisheni, akipaka rangi mandhari ya nyuma ya vipindi kama Doug, Daria na kile cha mbwa, 101 Dalmatians. Kazi hiyo hutajwa kwa haraka katika habari zake, nami nadhani inastahili zaidi. Katuni ya miaka ile ilipakwa kwa mkono, rangi moja bapa ndani ya mstari mweusi. Ukiona alama ya brashi, umekosea. Kijana wa ukutani, aliyezoea rangi inayochuruzika na kupulizwa kwa haraka kabla polisi hawajafika, akafundishwa kupaka hadi mkono wake usionekane.

Halafu akapata ufunguo.

Vituo vya mabasi vya New York, na vibanda vya simu vya wakati ule, vilikuwa na fremu ya kioo ya kuwekea bango la karatasi. Fremu inafungwa, na anayeifungua ni fundi wa kampuni ya matangazo. Katikati ya muongo ule Barry McGee, msanii wa San Francisco aliyekuwa akiandika mitaani kwa jina la Twist, alimpa Donnelly kifaa cha kufungulia fremu hizo. Kuanzia hapo utaratibu wake ukawa wa kustaajabisha kwa utulivu wake. Alifungua fremu, akalitoa bango, akalikunja, akaenda nalo nyumbani. Hakuna kukimbia wala kopo la kupuliza gizani. Nyumbani alilitandaza na kupaka akriliki taratibu, tabaka juu ya tabaka, mpaka rangi yake ikawa laini sawa na karatasi iliyochapwa kiwandani. Kisha akalirudisha, akafunga fremu, akachukua lingine.

Asubuhi abiria anayesubiri basi anamwona mwanamitindo wa Calvin Klein kama jana. Ila leo mwanamitindo ana kichwa cha fuvu, mifupa miwili imepishana nyuma yake, macho ni X mbili. Au kiumbe kama nyoka, naye ana kichwa kilekile, amemzunguka kiunoni na kumtazama usoni kama mpenzi. Hakuna kilichochuruzika wala kilichochanwa. Abiria anabaki kujiuliza: hivi ni kampuni yenyewe imefanya hivi? Guess, DKNY, wote walipitiwa. Baadaye alifanya hivyo London, Paris, Berlin na Tokyo.

Kuhusu X, niseme jambo la kwetu. Dar es Salaam alama hiyo tunaijua bila kufundishwa. Ukiamka ukaikuta ukutani kwako, nyekundu, na neno BOMOA pembeni yake, ujue nyumba imo ndani ya hifadhi ya barabara na umeanza kuhesabu siku. Hakuna maandishi ya ukutani yanayosomwa kwa umakini zaidi katika jiji hili. Katika katuni za Marekani X machoni ni kifo, au ulevi, au kupigwa ngumi ukazimia, na huko ndiko Donnelly alikoitoa. Lakini kila nikiziona X zile kwenye uso wa tangazo, siwezi kuacha kuzisoma kwa Kidar: hii nayo imepangwa kubomolewa.

Haikubomolewa. Kilichofuata kilikuwa kinyume, nacho ndicho kiini cha habari hii. Watu walianza kuvunja vioo vya vituo vya mabasi ili kuiba mabango aliyoyapaka. Alipolirudisha bango asubuhi, jioni halipo. Wengine wakawa wanayauza. Kwa maneno mengine, bei yake ya kwanza sokoni ilipangwa na wezi, na katika mauzo hayo ya mwanzo yeye hakuona hata senti. Akaacha. Hakuwa na sababu ya kumhatarishia mtu kioo wala kujihatarishia rumande kwa ajili ya picha itakayomfikia mnunuzi mmoja chumbani kwake.

Lakini lazima alijifunza hesabu fulani pale, kwa sababu mwaka 1999 alikwenda Tokyo na kufanya jambo ambalo kwa mwandika ukutani wa kizamani lilikuwa aibu: akatengeneza mwanasesere. Kwa kushirikiana na duka la nguo la Bounty Hunter alitoa Companion wa plastiki, urefu wa kama shubiri, vipande 500. Vikaisha mara moja. Wajapani walikuwa na kitu ambacho New York haikuwa nacho: watu wazima wenye kazi zao wanaonunua vinyago bila kuona haya, na maduka madogo ya nguo yanayouza vitu vichache kwa makusudi ili foleni iwe ndefu. Katika soko hilo sanamu ya plastiki haikuhesabiwa kuwa ndugu maskini wa sanamu ya shaba.

Alikuwepo aliyetangulia. Keith Haring, kati ya 1980 na 1985, alichora kwa chaki nyeupe kwenye karatasi nyeusi zilizofunika nafasi za matangazo yaliyokwisha muda katika vituo vya treni vya New York. Mwaka 1986 akafungua duka lake mtaa wa Lafayette, Pop Shop, akiuza fulana na beji kwa bei ya mtu wa kawaida. Alisemwa sana. Wenye nyumba za sanaa waliona amejishusha, na wa mitaani waliona amewauza. Haring alifariki mwaka 1990 kwa UKIMWI, ana miaka 31. Donnelly alikuwa mtoto wa miaka 11 wakati duka lile linafunguliwa. Alipofikia umri wa kufungua lake, matusi yalikuwa yamekwishamaliza nguvu juu ya mwenzake.

Duka lenyewe lilifunguliwa Tokyo mwaka 2006 kwa ubia na kampuni ya vinyago ya Medicom, likadumu hadi 2013. Jina lake ni OriginalFake. Msomaji wa Kariakoo hahitaji tafsiri. Sisi tumeishi na bidhaa hiyo miaka mingi: muuzaji anakuapia kwamba hii si feki ya ovyo, ni feki orijino, kopi namba moja. Tofauti ni kwamba Donnelly alilipachika jina hilo juu ya mlango, kwa sauti, kwa sababu kazi yake yote ilikuwa imejengwa juu ya nyuso za watu wengine. Companion ana mwili wa Mickey Mouse. Familia nyingine aliyoichora, Kimpsons, ni wale Simpsons wa njano wa televisheni wakiwa wamewekewa X machoni.

Na hao ndio walioleta mshtuko. Mteja wake mkubwa Japani alikuwa Nigo, mwanzilishi wa chapa ya nguo ya A Bathing Ape. Mwaka 2005 Donnelly alimchorea picha iitwayo The Kaws Album, ya mraba, kama mita moja kila upande. Ifuatilie nasaba yake: Beatles walitoa jalada maarufu la santuri mwaka 1967, limejaa watu wamesimama kwa safu. Simpsons wakalitania jalada hilo kwenye santuri yao ya 1998. Donnelly akautania utani. Tarehe 1 Aprili 2019, Nigo alipopeleka mali zake kwenye mnada wa Sotheby's Hong Kong, wenye mnada walikadiria picha hiyo ingefika dola za Hong Kong milioni 6 hadi 8. Nyundo ilipotulia na ada kujumlishwa, ilikuwa milioni 115.9. Hizo ni dola za Kimarekani milioni 14.8, takriban shilingi bilioni 34 za Tanzania kwa viwango vya wakati ule. Mchoraji mwenyewe aliandika mtandaoni kwamba haoni kama kazi yake inastahili bei hiyo. Ni nadra kumsikia muuzaji akikubaliana na wanaolalamikia bei, ingawa kumbuka kwamba fedha za mnada ule zilikwenda kwa Nigo.

Mwaka ule ulikuwa wake. Siku chache kabla ya mnada, Companion wa kujazwa upepo, urefu wa mita 37, alikuwa amelazwa chali juu ya maji ya bandari ya Victoria hapohapo Hong Kong, akitazama mawingu. Mwaka uliotangulia, katika onyesho la mitindo la Dior jijini Paris, kilisimamishwa kikaragosi chake kingine cha mita 10, kilichotengenezwa kwa maua 70,000. Duka la jumba la sanaa la MoMA lilipoweka vinyago vyake vidogo mtandaoni mwaka 2017 kwa dola 200, tovuti ililemewa ikaanguka.

Halafu zikaja fulana. Kampuni ya Uniqlo ya Japani ilikuwa ikimchapa tangu 2016, na ilipotangazwa kwamba toleo la Juni 2019 ndilo la mwisho, maduka ya China yaligeuka uwanja wa mieleka. Picha za video za tarehe 3 Juni bado zinachekesha na kuogofya. Shata la chuma linapandishwa, halijafika magotini, watu wanapita chini yake kwa tumbo. Wengine wanakimbia kwenye ngazi. Wengine wanazivua fulana kwenye sanamu za dukani, sanamu inabaki uchi na mkono mmoja umeng'oka. Bei ya fulana ilikuwa yuani 99, kama dola 14. Kuhusu "ya mwisho", haikupita hata miaka mitatu kabla fulana mpya hazijaonekana tena. Wafanyabiashara wa Kariakoo wenye kibao cha "tunafunga duka" kinachochakaa ukutani mwaka wa nne watamwelewa.

Wahakiki wengi hawampendi. Wanasema ni mtu wa kikaragosi kimoja, kikubwa, kidogo, cha mbao, cha shaba, cha plastiki, na kwamba X mbili si wazo la kutosha maisha ya mtu. Jumba la Makumbusho la Brooklyn lilimpa maonyesho makubwa mwaka 2021 na hoja hizo zikarudi upya. Kuna ukweli ndani yake. Nimezitazama picha za kazi zake nyingi kwa mfululizo na ladha inachuja haraka, kama pipi. Lakini kuna sanamu moja, Passing Through, ambayo sijaweza kuidharau. Companion ameketi, magoti pamoja, ameufunika uso kwa zile glavu nene. Mchekeshaji wa watoto amechoka, au ameona haya, na mwili wake mkubwa hauna pa kujificha. Mimi ninayeijua biashara ya kutabasamu kwa mshahara, siwezi kuipita sanamu hiyo haraka.

Lawama inayonipa shida zaidi ni nyingine. Mwaka huohuo wa 2021, Donnelly alifungua kesi katika mahakama ya shirikisho ya New York dhidi ya watu aliowashutumu kuuza nakala bandia za kazi zake. Ana haki. Watengenezaji wa feki hawachori, wanamwaga plastiki kwenye kalibu na kupiga mhuri wa jina lisilo lao. Hata hivyo mtu unabaki na kicheko kidogo kooni. Aliyefungua fremu za watu kwa ufunguo asiopewa na mwenye fremu, akamwazima Mickey bila kubisha hodi, akaita duka lake Feki Halisi, leo ana mawakili wa kulinda X.

Wenzake wa ukutani husema aliuza mtaa. Mimi sidhani. Taki 183 hakuandika jina lake ili limpendeze mtaalamu wa sanaa. Aliliandika ili lionekane na mtu asiyemjua, mbali na alipo. Treni iliwafaa kwa sababu ilisafiri. Sasa pima fulana: imechapwa kiwandani Asia, imevaliwa na mtu wa mji nisioujua, imetolewa sadaka, imepangwa daraja, imeshindiliwa kwenye robota pamoja na nyingine mamia, imevuka bahari, imefunguliwa Ilala alfajiri. Hakuna behewa la Bronx lililowahi kufika mbali hivyo. Hatari ya kukamatwa ndiyo iliyobaki nyuma, na bila hiyo, wazee wa mchezo huo wanasema, si grafiti tena. Hilo nawaachia.

Buku tano ilikuwa nyingi. Muuzaji akaapa kwamba mtandaoni hii inauzwa elfu themanini, nikamwambia basi aipeleke mtandaoni. Tukakutana kwenye elfu nne, akaifunga kwenye mfuko pamoja na suruali mbili, moja haina zipu, jambo nililoligundua nyumbani.

Jioni niliigeuza ndani nje kabla ya kuiloweka. Kwenye kitambaa cheupe cha shingoni, chini ya saizi, kulikuwa na jina la mtoto wa watu, limeandikwa kwa maka peni nyeusi, kama wazazi wanavyoziandika nguo za shule zisipotee. Limefuliwa mara nyingi. Zilizosomeka ni herufi tatu za mwisho: n-n-a. Nilitaka kulisugua litoke. Mwanangu akasema niache, akaenda kuchukua maka yake kwenye begi la shule, akalala kifudifudi sakafuni ulimi nje, akaandika la kwake chini ya lile.